Roadster na mfuko wako: maswali ninayoulizwa kila nikisimama sheli

Kila nikisimama sheli, kijana wa pampu hulizunguka gari mara moja, hugusa turubai la paa kwa ncha ya kidole, kisha huuliza: “Dada, hii inakula sana, eh?” Anauliza huku jibu analo tayari. Gari la viti viwili, limelala chini, linafunguka juu: lazima litakuwa linakunywa kama lori. Huwa namwambia asubiri aone pampu itasimama wapi.

Gari lenyewe ni Mazda Roadster, ambalo Ulaya huitwa MX-5 na Marekani Miata. Langu ni la kizazi cha nne, kiitwacho ND, injini ya lita 1.5, gia ya mkono. Lilikuja Dar es Salaam likiwa limeshatumika Japani. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa na vijana wa sheli, wifi yangu, wenzangu kazini, na watu wa Nairobi na Mombasa wanaotaka kuagiza la kwao. Nimeyapanga jinsi yanavyonijia. Lile la mafuta, ambalo kila mtu huanza nalo, ndilo linalonisumbua kidogo kuliko yote.

Haya, linakula kiasi gani?

Langu, siku za foleni, hunipa kilomita 10 au 11 kwa lita. Siku mji ukiwa mwepesi hufika 13. Nikitoka kwenda Morogoro asubuhi na mapema, nikatulia kwenye 80 na 90, hupita 15. Hesabu hiyo naifanya kwa risiti: najaza tanki mpaka pampu ijikate, naandika kilomita, nikirudi najaza tena na kugawanya. Kompyuta ya kwenye dashibodi naiangalia kwa kujifurahisha tu.

Ukitafuta takwimu za kiwandani utachanganyikiwa, kwa sababu kila nchi ina mtihani wake. Tangazo la Kijapani la ND ya 1.5 yenye gia ya mkono litakuambia kilomita 17.2 kwa lita kwa kipimo cha JC08, na 18.8 kwa zile zilizofungwa mfumo wa kuzima injini kwenye taa pamoja na ule wa kuhifadhi umeme wakati wa kupunguza mwendo. Kipimo kipya zaidi, WLTC, kinalipa 16.8. Wamarekani, ambao huuziwa injini ya 2.0, waliipa ya mwaka 2016 yenye gia ya mkono maili 27 kwa galoni mjini, 34 barabara kuu, na 30 kwa wastani. Zidisha maili za galoni ya Kimarekani kwa 0.425 utapata kilomita kwa lita: 11.5 mjini, 14.5 barabarani, na karibu 12.7 kwa wastani.

Mimi nawaamini Wamarekani. JC08 ni mtihani wa maabara wenye mwendo wa pole na uongezaji kasi wa kistaarabu, na hakuna mtu wa namna hiyo kwenye makutano ya Mwenge saa kumi na moja jioni.

Kwa shilingi ni ngapi?

Bei hubadilika kila mwezi. Tanzania, EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kenya, EPRA hutangaza tarehe 14. Kwa hiyo nitatumia lita moja kwa shilingi 3,000 za Tanzania kwa kurahisisha tu, wewe weka ya leo.

Tuseme unatembea kilomita 1,000 kwa mwezi. Roadster linalotoa 12 kwa lita litakunywa lita 83 na kidogo, sawa na shilingi 250,000. Toyota IST inayotoa 14 itakula lita 71 na ushei, yaani 214,000. Gari kubwa la familia linalotoa 7 litamaliza lita 143, karibu 429,000. Kwa hiyo kati ya Roadster na IST ya jirani yako kuna 36,000 kwa mwezi. Wapo wanaotumia zaidi ya hizo kwa vocha, na hakuna anayewasimamisha sheli kuwahoji.

Tanki ni dogo: ND ya 1.5 ya Japani inabeba lita 40, ile ya paa gumu iitwayo RF lita 45. Usiliendeshe mpaka tone la mwisho. Nahesabu kilomita 400 kwa matumizi ya mchanganyiko, halafu naanza kutafuta sheli.

Inawezekanaje gari la mbio likale mafuta kidogo hivyo?

Kwanza, si gari la mbio kwa maana unayoifikiria. Injini ya 1.5 ina nguvu ya farasi 131 tu, na hizo unazipata ukiizungusha mpaka mizunguko 7,000 kwa dakika. Siri yake ni uzito. ND ya daraja la chini kabisa ina kilo 990. Harrier iliyo mbele yako kwenye foleni ina tani moja na nusu na zaidi, na kila taa ikiwaka kijani injini yake inaanza upya kuusukuma mzigo wote huo.

Hapo hapo pana mtego. Injini inayopenda kuzungushwa inamfanya dereva naye apende kuizungusha. Mlio wake ukipita 5,000 ni mtamu, na gia zinaingia kwa mwendo mfupi kama kufunga kufuli. Mwezi wa kwanza nilikuwa nabadilisha gia hata pasipo sababu, na risiti zikanionyesha 9 kwa lita. Gari halikuwa na kosa.

Paa likiwa wazi, mafuta yanaongezeka?

Mjini, hapana, si kwa kiasi utakachokiona kwenye risiti. Barabara kuu, ndiyo, kidogo: upepo unaingia nyuma ya kioo cha mbele na kuzunguka humo kama kwenye debe, na ukizidi 90 gari linavuta upinzani zaidi kuliko likiwa limefungwa. Ukifunga paa na kuwasha kiyoyozi kwenye mwendo wa 100, hesabu zinakaribiana.

Mwenye kuuliza swali hili mara nyingi hajui bado kwamba Dar paa halifunguliwi saa saba mchana. Utaungua utosi. Ni la alfajiri na la baada ya magharibi, na siku chache za Juni na Julai kaskazi ilipokwisha ondoka na jua limelegea.

Nitie petroli gani?

Kwenye kifuniko cha tanki la gari lililotoka Japani utakuta maandishi yanayotaka petroli ya daraja la juu, wanayoiita haioku, ambayo kwao okteni yake haipungui 96. Ya kawaida ya kwao inaanzia 89. Injini ya ND ina mgandamizo wa 13 kwa 1, mkubwa kweli kwa gari lisilo na turbo, ndiyo maana inachagua. Ukiipa yenye okteni ndogo haitakufa. Ina kihisi kinachosikia mgongano ndani ya silinda na kuchelewesha cheche. Utapoteza nguvu kidogo na utaongeza matumizi kidogo.

Soma namba iliyo kwenye pampu, kwa sababu jina zuri la biashara halikuambii okteni. Kama sheli yako ina mbili, weka ya juu. Tofauti ya bei kwenye tanki la lita 40 ni ndogo. Chenye kuharibu zaidi ni mafuta machafu ya sheli za vichochoroni. Hizo mimi sizisogelei hata taa ikiwaka.

Kizazi kipi ni nafuu kukimiliki?

Viko vinne. NA ni kile cha kwanza chenye taa zinazochomoza, kilichoonyeshwa Chicago Februari 1989. Kilikuwa na injini ya 1.6, baadaye 1.8. NB alikuja 1998, NC 2005, ND 2015. Ajabu ni kwamba NA, pamoja na wepesi wake wa kilo 940, haibani mafuta kuliko hata ND ya 2.0. Tarajia 10 kwa lita, na hapo iwe imesafishwa na plagi ni mpya. NC ya 2.0 nayo inacheza humo humo. Miaka 25 ya teknolojia ya injini imekwenda kwenye pampu.

NA na NB zinatumia mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa, na yule aliyekuuzia akisema “ulishabadilishwa” muombe risiti. NC na ND zina mnyororo. NA za mwanzo kabisa, kabla ya 1991 kupita nusu, zina tatizo la ncha ya shafti kubwa kulegea pale puli inapofungwa. Kama humjui fundi anayelielewa, liache hilo gari. Kwa ND, baadhi ya giaboksi za miaka ya mwanzo zilivunjika na Mazda ikazifanyia marekebisho, kwa hiyo kwenye jaribio la barabara sikiliza gia ya pili na ya tatu kwa makini.

Kwa mtu anayelitaka kwa matumizi ya kila siku, jibu langu ni ND ya 1.5. Kwa mtu mwenye gari jingine, gereji ya kuaminika na subira ya mvuvi, NA ni raha tupu.

Ushuru je?

Hapa ndipo pesa inapotoka kwa wingi, na hapa ndipo Tanzania na Kenya zinapoachana.

Kenya inakataa gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo NA, NB na NC hazipo kwenye mazungumzo ya kuagiza, utazipata tu kwa aliyetangulia. Lakini Kenya ina jambo linalopendelea gari letu. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,500, na 25 kwa za ukubwa wa kati zinazozidi hapo. Injini ya Roadster dogo ni 1,496, imepita kwenye tundu la sindano. RF, yenye injini ya 2.0, inaangukia upande wa pili.

Tanzania haizuii umri, inautoza. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini za kuanzia 1,001 hadi 2,000 (kwa hiyo 1.5 na 2.0 ziko kapu moja), VAT ya asilimia 18, na tozo ndogo ndogo. Gari likiwa na miaka 8 hadi 10 linaongezwa asilimia 15, likizidi 10 linaongezwa 30. Hizi zinapandana, VAT inahesabiwa juu ya zilizotangulia. Na TRA inatumia thamani iliyo kwenye mfumo wake, haifuati ankara yako uliyobembeleza. Ingiza gari kwenye kikokotoo chao kabla hujalipa mnada. Nimeona watu wakishangilia ND ya 2015 iliyouzwa rahisi Yokohama, kisha bandarini umri ukaila ile nafuu yote.

Jambo moja ambalo Watanzania husahau: ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta. Maana yake asiyekula mafuta mengi analipa kidogo. Gari linalokaa chini ya turubai wiki nzima na kutoka Jumapili halidaiwi kitu kwa kukaa.

Naishi Uingereza, nirudi nalo?

Usukani wao uko kulia, kwa hiyo hapo huna shida. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu mkazi anayerejea moja kwa moja kuingiza gari moja bila ushuru kama amelimiliki na kulitumia kwa angalau miezi 12 akiwa nje. Kenya bado itaangalia umri wake. Kagua chini kwanza. Barabara za kwao hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi, na MX-5 za huko huoza kwenye viguzo vya chini ya milango na kuzunguka matao ya nyuma. Ya Japani yaliyotoka mikoa isiyo na theluji huwa safi zaidi.

Tairi zinapatikana?

ND ya 1.5 inavaa 195/50R16. Ukiitaja saizi hiyo dukani Kariakoo, muuzaji atakuangalia, ataingia ndani, atatoka na 195/55R15 akuulize kama haifai. Haifai. Za 205/45R17 za RF na za NC nyingi ni rahisi kidogo kuzipata kwa sababu vijana wanaozipenda rimu kubwa wanazinunua. Agiza nne kwa pamoja zikiwa bado hazijakwisha, maana kusubiri ndiko kunakogharimu.

Tairi la akiba hakuna. Mazda waliweka kopo la gundi na pampu ndogo ya umeme ili kuokoa uzito. Hiyo inaziba tundu la msumari, haizibi ubavu uliopasuliwa na shimo. Kwa hiyo weka namba ya mtu mwenye gari la kubeba magari mgongoni. Si la kuvuta kwa mnyororo, kwa sababu pua ya gari hili itasagwa.

Na upepo: kibandiko cha kwenye mlango wa ND kinasema 29 psi, mbele na nyuma. Kijana wa sheli anajaza 35 kwa kila kitu kuanzia Vitz hadi Noah. Kwenye gari la tani moja hiyo 35 inalifanya lidunde kama mpira wa makuti na tairi linaisha katikati. Nenda na kipimo chako mwenyewe.

Na matuta?

Nilitegemea swali hili litoke kwanza, kwa sababu ndilo la kweli. ND ya kawaida iko milimita 140 juu ya ardhi. Tuta la halali, lililojengwa kwa vipimo, linapitika. Tuta la mtaa, lililomwagwa na wakazi usiku baada ya mtoto kugongwa, halipitiki kwa kunyooka. Unalikata kwa mshazari, gurudumu moja moja, huku bodaboda nyuma yako wanapiga honi.

Nililigonga moja mwezi wa tatu wa kulimiliki gari. Ngao ya plastiki ya chini ya injini ilichanika na ikawa inapiga makofi njia nzima. Fundi aliishona kwa waya na vibano vya plastiki, akachukua shilingi elfu chache, na ni mwaka wa tatu sasa bado imekaa. Ningegonga sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, isingekuwa elfu chache. Kabla hujanunua, pita na gari la kuazima njia yako ya kila siku, kutoka getini mpaka lami, uhesabu matuta. Kama nyumbani kwako panafikika kwa njia ya mchanga au makorongo ya masika, usijidanganye.

Paa la turubai linadumu?

Linadumu kuliko watu wanavyodhani, likitunzwa. Maadui wake ni wanne: jua, kinyesi cha ndege, utomvu wa mwembe, na mikono ya waosha magari. Mashine ya maji ya nguvu isielekezwe kwenye mshono wala kwenye kingo za kioo. Brashi laini, ndoo na sabuni isiyo kali vinatosha, na dawa ya kuzuia maji mara moja au mbili kwa mwaka. NA ina dirisha la nyuma la plastiki linalofifia na kupasuka mkunjoni, na kabla ya kushusha paa inabidi ufungue zipu kwanza. Asiyejua huivunja siku ya kwanza. Kuanzia NB dirisha ni kioo.

Sasa maji. Paa lenyewe halivuji ovyo, bali lina njia zake za kutolea maji nyuma ya viti, kulia na kushoto, na njia hizo ni nyembamba. Nilikuwa naegesha chini ya mwarobaini kwa ajili ya kivuli. Majani yake madogo yaliingia kidogo kidogo, na masika ya kwanza maji yakakosa pa kutokea yakaingia ndani. Nilinusa ukungu kabla sijayaona. Kung’oa zulia, kulikausha, kulirudisha: siku tatu na fedha iliyozidi petroli ya mwezi mzima. Kuzuia kunahitaji kamba laini ya nailoni na dakika kumi kabla ya mvua. Usichokonoe kwa waya wa henga ya nguo, utautoa mrija mahali pake.

NC iliyoanza kutoka 2006 ikiwa na paa gumu la umeme, lile linalojikunja kwa sekunde 12 hivi, inavutia sana kwenye picha. Lakini sasa una mota, vihisi na vibano vya umeme vyenye umri wa gari. Turubai la mkono halina cha kuungua.

Anayekaa karibu na bahari, Mombasa, Tanga au Unguja, aongeze chumvi kwenye orodha. Boneti, kifuniko cha buti na mabawa ya mbele ya ND ni alumini, hayali kutu, lakini yakipondwa usimpe fundi bati wa kawaida. Alumini haigongwi wala kuchomelewa kama chuma. Ukiweka sumaku na isinase, hapo ni alumini au ni lundo la puti.

Spea?

Kuna gari za viti viwili za kifahari ambazo ukipasua taa unasubiri meli na unaomba dua. Hili liko pazuri zaidi. Aprili 2016 ilitengenezwa ya milioni moja, na kitabu cha rekodi cha Guinness kinalitaja kuwa gari la michezo la viti viwili lililouzwa zaidi duniani. Kwa hiyo spea zipo Japani, Uingereza na Marekani, mpya na mtumba. Kwa NA, Mazda ilitangaza 2017 kwamba itaanza tena kutengeneza baadhi ya vifaa vyake, paa likiwemo.

Hapa nyumbani hesabu iko hivi. Injini ya ND ni ya ukoo wa Skyactiv-G, ukoo wa Demio na Axela zinazojaa mitaani, kwa hiyo vitu kama filta ya oili unavipata kwa wauza spea za Demio. Vya mwili, taa, paa, shokapu na vya difu ya nyuma unaagiza. Mimi huagiza kabla ya kuhitaji: pedi za breki na filta ziko kabatini kwangu, wifi anazicheka.

Oili inayotakiwa ni 0W-20. Utaambiwa na fundi mwenye mvi kwamba hiyo ni maji, nchi yetu ya joto, weka 20W-50. Mheshimu, mwite mzee, mnunulie soda, lakini usikubali. Oili nzito kwenye injini ya namna hii inaongeza ulaji wa mafuta na inachelewa kufika juu asubuhi. Mimi humwaga kila kilomita 7,000 au miezi sita, chochote kitakachotangulia, kwa sababu kukaa kwenye foleni nako ni kazi ngumu ingawa kilomita hazisogei. Na kumbuka difu ina oili yake. Magari ya kuvuta mbele yamewafanya mafundi wengi waisahau.

Bima?

Bima kubwa huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari, na kwa Tanzania VAT juu yake. Kabla ya kusaini, uliza mambo mawili kwa maandishi: paa likichanwa na mwizi linalipwa kama uharibifu wa kawaida? Na thamani wameichukua wapi? Bima ndogo ni rahisi, lakini kwa gari ambalo bawa lake la mbele linatoka ng’ambo, ni kucheza karata. Usiache chochote ndani kinachoonekana. Anayetaka miwani yako ya elfu kumi atakata turubai la mamilioni kuifuata.

Mimi nina watoto wawili.

Basi unahitaji gari jingine, na gharama halisi ya Roadster kwako ni bima mbili, tairi nane na sehemu mbili za kuegesha. Buti la ND ni lita 130. Linaingia begi mbili laini za safari, au kapu la sokoni na gunia la mkaa lisilojaa, lakini si vyote. Kwa kijana asiye na familia, au kwa watu wazima ambao watoto wameshaondoka, linaweza kuwa gari pekee. Kwa wengine wote ni gari la pili, na anayekuambia vinginevyo anataka kuliuza lake.

Nikilichoka, nitalipata soko?

Utalipata, ila polepole. IST inaondoka kwa wiki. Hili litatazamwa na watu mia, litapigwa picha na themanini, na watakaokuja na fedha ni wawili, mmoja wao akitaka kulipa kwa kiwanja. Weka vitabu, risiti na karatasi ya mnada ya Japani. Mnunuzi wa gari hili ni msomaji, atazisoma zote. NA safi zimekuwa zikipanda bei nje, jambo ambalo ND bado haijalifikia.

Tunaweza kuliazima Jumamosi? Kuna harusi.

Hili naulizwa karibu kila mwezi, na siku hizi nakubali kwa sharti kwamba naendesha mimi. Watu hawafikirii kwamba gauni la bibi harusi peke yake linajaza kiti, bwana harusi inabidi afuate na Noah ya wajomba, na paa likiwa wazi shela inataka kuondoka na upepo kabla ya kufika ukumbini. Mara ya mwisho tulitoka Magomeni hadi Mikocheni kwa mwendo wa matarumbeta, gia ya kwanza na ya pili njia nzima. Petroli haikufika lita mbili. Mchele na vipande vya maua vilivyoingia kwenye reli za viti ndivyo nilivyovitoa mpaka Jumatano.